Simu Iliyovuka Ziwa Peke Yake

Hapa Port Victoria, ufuoni mwa ziwa upande wa Kenya, asubuhi ina sauti zake. Kwanza jogoo. Halafu injini za mashua zinazorudi na omena, wale dagaa wa ziwani. Halafu nyundo ya fundi Wakhungu. Ko! Ko! Ko! Nikisikia nyundo hiyo, najua ni wakati wa kuoga niende kazini.

Jina langu ni Celestine. Nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Darasa letu liko ndani ya kanisa, karibu na soko. Wanafunzi wangu watakuambia kwamba nina mdomo. Ni kweli, ninao.

Fundi Wakhungu ni jirani yangu. Kazi yake ni kuunda mashua. Anafanyia kazi chini kabisa ufuoni, kando ya jiwe moja kubwa. Mke wake anaitwa Nasambu. Yeye huanika omena na kuuza sokoni. Nyumba yao na yangu ziko juu huku, nyuma ya kilima. Ukiwa nyumbani huoni ziwa, unasikia upepo wake tu. Binti yao Bridget anasoma chuo kikuu, Maseno.

Wakhungu na Nasambu si watu wa simu. Kila mmoja ana simu ndogo ya vitufe, ile tunayoita mulika mwizi. Nasambu huacha yake kabatini akienda kuanika omena, kwa sababu maji ya samaki huharibu simu. Wakhungu hutembea na yake mfukoni. Humpigia Bridget kumjulia hali. Humpigia Mathews, muuzaji wa mbao huko Kisumu. Basi, hakuna mwingine. Siku nyingi simu hiyo hailii kabisa.

Sasa sikiliza jambo lililotuvuruga vichwa.

Nasambu alikuwa akinunua kredo, yaani salio la kupigia, ya simu zote mbili. Shilingi hamsini kwa yake, hamsini kwa ya mumewe. Kredo yake ilikaa mpaka akasahau kwamba ipo. Ya mumewe ililala usiku mmoja tu, kesho yake haipo.

"Baba Bridget, unaongea na nani hivyo?" Nasambu aliuliza.

"Na nani tena? Nimempigia Mathews. Hata hatukumaliza maneno. Ikakatika."

"Hamsini yote?"

"Hata mimi nashangaa, mama."

Aliweka nyingine. Ikaisha. Akaweka nyingine. Ikaisha. Siku moja Wakhungu aliapa kwamba hakupiga simu hata moja. Alipokea tu simu ya Bridget. Bado kredo ilipungua! Sasa hiyo ni nini? Kupokea simu nako kunakula kredo? Nasambu alicheka kwa hasira.

"Ati kupokea! Mimi napokea simu kila Jumapili, mbona yangu hailiwi?"

Walikuja kwangu. Watu wakifundishwa kusoma na mtu, hufikiri mtu huyo anajua kila kitu. Mimi nami sikukataa.

"Labda umejiunga na zile huduma za kulipia," nilimwambia Wakhungu. "Zile za kutuma nyimbo na utabiri wa mpira. Kampuni inakukata pesa kila siku na wewe hujui."

Tulipiga namba ya huduma kwa wateja. Kweli, kulikuwa na huduma moja ya nyimbo. Wakhungu hakukumbuka kujiunga nayo. Pengine alibonyeza tu akitaka ujumbe uondoke. Tuliomba aondolewe, akaondolewa. Tulifurahi, tukanywa chai.

Kesho yake kredo ilikwisha tena.

"Basi nunua bando la dakika," nilisema. Bando ni dakika za kuongea unazolipia mara moja, kwa bei nafuu kuliko kredo ya kawaida. Wakhungu akanunua bando la mwezi mzima. Bando kubwa, la mtu anayeongea kutwa.

Unajua nini kilitokea? Dakika za bando zilibaki zote, hazikuguswa. Na kredo ndogo iliyokuwa kando ikaisha! Nilitazama ile simu, nikaigeuza, nikaitingisha. Kichwa kilinizunguka. Mtu ana dakika tele, simu inaziruka na kula shilingi? Wakhungu alinitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari. Sikuwa na dawa.

Jambo hili lingebaki jambo la kredo tu, kama Nasambu asingekuwa mwanafunzi mzuri.

Alianza darasa langu bila kujua hata herufi moja. Alikuwa na bidii, yule mama! Alisoma magunia ya sukari. Alisoma maandishi kwenye mashua. Akimaliza hayo anasoma kalenda ya ukutani. Na siku moja, mumewe akioga, alichukua simu ya mume akasoma humo.

Alikuja kwangu mbio, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mwalimu! Soma hapa. Mimi nimesoma, lakini nataka niwe nimekosea."

Nilisoma. Ulikuwa ujumbe wa Kiingereza. Ulimkaribisha mwenye simu nchini Uganda na kumtakia safari njema.

"Hapa," Nasambu alisema, akiweka kidole juu ya neno moja. "Hili ni Uganda?"

Uganda ni Uganda kwa kila lugha. Ningesema nini?

"Ni Uganda," nilisema.

"Haya, shuka chini uone. Zimejaa."

Nilishuka. Zilikuwa nyingi, zote za namna moja. Jumatatu, karibu Uganda. Jumanne, karibu Uganda. Alhamisi, karibu Uganda. Jumapili hakuna kitu.

"Unaona?" Nasambu alisema. "Jumapili yuko nyumbani na mimi. Siku nyingine anavuka. Kisiwa kile cha Sigulu ni Uganda, na mashua za injini zinakwenda na kurudi kutwa. Ana mtu huko, mwalimu. Kredo inaenda kwa huyo mtu."

"Lakini nyundo yake nasikia kila asubuhi."

"Asubuhi, ndiyo. Na saa sita? Saa sita nyundo inanyamaza!"

"Si anakula?"

"Anakula wapi?"

Nilitaka kumtetea Wakhungu. Namjua miaka mingi, ni mtu wa kazi na kanisa. Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu, na maandishi ni maandishi. Niwaambie ukweli, nilianza kumshuku na mimi. Nilimwonea Nasambu huruma mpaka machozi yakanilenga.

Jioni hiyo aliniita niwe shahidi. Wakhungu alikuwa amekaa, anasubiri chakula. Nasambu aliweka simu juu ya meza, mahali ambapo angeweka sahani.

"Uganda unaenda kufanya nini?"

"Uganda gani?"

"Iko nyingi? Uganda ya hapo ng'ambo!"

Wakhungu alinitazama. Akamtazama mkewe. Akaitazama simu.

"Nimeenda Uganda na nini?" aliuliza. "Mashua ninayounda haijazibwa hata upande mmoja. Niliogelea?"

"Usinicheze, Baba Bridget. Mdomo wa mtu hudanganya. Simu haina mdomo. Simu inasema ulikuwa Uganda!"

"Basi hiyo simu ina wazimu."

"Wazimu Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili inapona?"

Wakhungu akanigeukia mimi.

"Mwalimu, ulimfundisha mke wangu kusoma Biblia. Sasa anasoma simu yangu."

Nasambu alisema maneno yake polepole, na kila mtu akayasikia. "Nikipata ushahidi wa macho yangu, nitarudi kwetu Funyula. Na sitarudi hapa."

Chakula kiliwekwa mezani. Wakhungu hakula. Alisimama akaenda kulala, na ugali ukapoa pale. Mimi nilirudi nyumbani bila kujua nimwamini nani. Ndoa ya watu wale ilikuwa inavunjika, na mimi sielewi kwa nini.

Wiki ile nyumba yao haikuwa na maneno. Nasambu alipika, akaweka, akatoka. Wakhungu alikula vilivyopoa, au hakula. Bridget alinipigia simu kutoka Maseno, anauliza, "Mwalimu, kuna nini huko? Baba ananipigia, anasema 'mwanangu,' halafu inakatika. Nikimpigia mama, analia." Nilimwambia kuna mafua. Mungu anisamehe.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima ujue lile jiwe.

Huku juu kwetu mtandao wa simu ni dhaifu. Kwenye kioo cha simu kuna vile vijiti vinavyoonyesha nguvu ya mtandao. Nyumbani tunapata vijiti viwili, ukibahatika. Lakini ukishuka ufuoni ukapanda juu ya jiwe la Wakhungu, vijiti vinajaa vyote. Tunaliita Jiwe la Simu. Kila mtu wa bichi, yaani wa hapa ufuoni, analijua. Mama ana mgonjwa Kisumu, anakwenda kwenye jiwe. Kijana anatafuta kazi, anakwenda kwenye jiwe. Na Wakhungu akitaka kuongea na Mathews au na Bridget, anapanda palepale, kwa sababu sauti inasikika safi kabisa. Hata alijivunia. "Ofisi yangu," alizoea kusema, "ina mtandao kushinda ya mbunge."

Jumamosi, Nasambu aliamua kwenda kumkamata mumewe.

Mambo haya aliniambia mwenyewe baadaye, na mengine Wakhungu aliyaongeza. Alisubiri nyundo inyamaze. Akachukua simu yake kabatini, akaitia kifuani, ndani ya nguo. Alitaka akimwona mumewe akipanda mashua ya Sigulu, anipigie niende nione. Alishuka kwa njia ya nyuma. Akajificha nyuma ya mashua ile isiyokwisha, katikati ya mbao na maranda.

Alimwona mumewe. Wakhungu alikuwa amekaa peke yake, anakula muhogo wa kuchemsha bila chai. Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na mashua ya injini. Akamaliza, akajipangusa mikono, akapanda Jiwe la Simu na kupiga simu.

Nasambu alitega sikio.

"Mathews, ndugu yangu, zile mbao... Halo? Mathews? Aa, imekatika tena!" Wakhungu aliketi juu ya jiwe, akashika kichwa. "Na nyumbani naitwa malaya," alisema, hapana mtu wa kumsikia isipokuwa mkewe.

Nasambu aliniambia kwamba hapo moyo wake uliuma. Alitaka kutoka. Lakini atoke aseme nini? Alikuwa bado anafikiri, mara simu yake mwenyewe ikalia kifuani. Ti-ti! Ti-ti!

Wakhungu akaruka. "Nani huyo?"

Nasambu akatoa simu. Akasoma. Akasoma tena kwa kidole, herufi kwa herufi, jinsi nilivyomfundisha. Ulikuwa ule ule ujumbe. Unamkaribisha yeye, Nasambu, mke wa Wakhungu, nchini Uganda.

Mimi nilikuwa darasani nasahihisha daftari. Simu yangu ikalia.

"Mwalimu!" Nasambu alipiga kelele. "Mimi niko Uganda!"

Tut. Ikakatika.

Yawa! Nilitupa kalamu. Nilijua amevuka. Amekasirika, amepanda mashua, amemwacha mume, amekwenda kumtafuta huyo mwanamke wa Sigulu! Nilimpigia, hapatikani. Nilikimbia kushuka ufuoni na viatu vyangu vya kanisani. Mtu akaniuliza, "Mwalimu, kuna moto?" Nikamwambia ndiyo, upo.

Nilipofika sikuamini macho yangu. Nasambu na Wakhungu walikuwa wamekaa juu ya jiwe, bega kwa bega. Kila mmoja ameshika simu yake, anaitazama kama kifaranga mgonjwa.

"Uko Uganda au huko Uganda?" niliuliza nikihema.

"Sijui," Nasambu alisema. "Mwalimu, kwa kweli sijui. Nimetoka nyumbani kwa miguu. Sijavuka hata mtaro."

"Sasa na wewe una bwana Sigulu?" Wakhungu aliuliza. Hakuwa anacheka.

Nilipanda kwenye jiwe niwasaidie kufikiri. Simu yangu nayo ikalia. Ti-ti! Karibu Uganda.

Basi tukawa watatu. Tulitazama maji, tukatazama jiwe, tukatazamana. Nyuma yetu soko la Port Victoria lilikuwa palepale, na mnada wa samaki unaendelea kwa kelele. Mimi nikaanza kujiuliza kama mpaka umehamishwa na serikali haikututangazia.

Mtu aliyetuokoa ni Achola. Mama huyu hununua samaki visiwani, mpaka kule upande wa Uganda, na kuwauza Usenge na Kisumu. Ni mkubwa wa sauti na mkubwa wa mwili. Alikuwa akishuka kwenye mashua, akatuona tumeganda.

"Nyinyi! Mnaombea jiwe?"

Tulimweleza. Aliposikia kisa kizima, alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akamwona Nasambu akifuta machozi, akaacha.

"Pole, mama. Hata mimi nililia siku zangu za kwanza, nikipoteza kredo kila safari. Hebu nipeni hizo simu. Nasambu, wewe si unajua kusoma? Soma hapa juu kwenye kioo. Si vijiti. Soma jina."

Nasambu alisoma jina la mtandao. Halikuwa jina la kampuni yetu.

"Hilo ni jina la kampuni ya Uganda," Achola alisema. "Mnaona ule mnara mwembamba kule kisiwani? Ule ni mnara wa simu wa Uganda. Simu haijui mpaka. Simu inatafuta mnara wenye nguvu, basi. Hapa ufuoni mnara wa Kenya umefichwa na kilima. Ukisimama kwenye jiwe hili, wa Uganda ndio unaokutazama usoni. Simu inaukamata."

"Kwa hivyo mimi sikuvuka," Wakhungu alisema.

"Wewe hukuvuka, baba. Simu ndiyo iliyovuka ziwa, peke yake, ikakuacha hapa na nyundo yako."

Nikamuuliza, "Na kredo?"

"Mwalimu, ukienda duka la ng'ambo si unalipa bei ya ng'ambo? Simu ikishika mtandao wa nchi nyingine, bei inabadilika. Inaweza kupanda sana. Na mara nyingine hata kupokea unakatwa."

"Nilisema!" Wakhungu aliruka. "Nilisema kupokea kunakula!"

"Na bando?" niliuliza. Lile bando lilikuwa limeninyima usingizi. "Mbona halikuguswa?"

"Mlinunua bando la Kenya. Mara nyingi linafanya kazi kwenye mtandao wa Kenya tu. Huko ng'ambo simu haiwezi kulitumia, ndiyo maana inakimbilia kredo."

Aa! Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Jumapili hakuna ujumbe, kwa sababu Jumapili Wakhungu hashuki ufuoni. Simu ya Nasambu haikuliwa, kwa sababu ilikaa kabatini, nyuma ya kilima. Tulikuwa tumeona yote haya, tukayasoma kinyume.

Achola hakutaka tumwamini kwa maneno tu. "Twendeni," alisema. Tukapanda njia mpaka kanisani. Pale Nasambu akasoma tena jina kwenye kioo. Lilikuwa la kampuni yetu ya Kenya. Vijiti viwili tu, lakini vyetu.

"Sasa tuifunge isivuke tena," Achola alimwambia Wakhungu. "Fungua mipangilio ya simu. Tafuta mahali pa mtandao. Hapo simu inauliza: nichague mwenyewe, au utachagua wewe? Yako imewekwa ichague yenyewe. Iambie utachagua wewe."

Wakhungu alibonyeza. Simu ikatafuta, ikaleta majina. Nasambu akayasoma kwa sauti. Wakhungu akachagua jina la kampuni yake.

"Imekwisha hiyo," Achola alisema. "Hata ukisimama kwenye jiwe, haitakwenda kwa jirani. Wenye simu kubwa za intaneti wazime pia intaneti ya nje ya nchi, maana hiyo hula pesa hata umelala. Na ukishindwa, piga huduma kwa wateja, wakufungie wao. Lakini wakikuuliza namba ya siri, kata simu. Huyo ni mwizi."

"Kwenye jiwe vijiti vitapungua," Wakhungu alilalamika.

"Vitapungua, ndiyo. Vijiti viwili vya kwako ni afadhali kuliko vinne vya jirani. Ukitaka kuongea sana, panda huku kanisani, unyooshe miguu."

Achola alipoona bando la mwezi kwenye simu ya Wakhungu, alitikisa kichwa.

"Nani alikuuzia hili?"

Wakhungu alinitazama. Mimi nilitazama paa la kanisa.

"Mtu mwenye maneno machache hahitaji bando la mwezi," Achola alisema. "Litakufa na dakika zake ndani. Uliza kama kampuni yako ina bando dogo lisilo na tarehe ya kuisha. Kama halipo, weka kredo kidogo tu. Na jua salio lako kabla ya kupiga na baada ya kupiga. Ukiona limepungua na hukuongea, usinyamaze, uliza siku hiyohiyo. Usisubiri mpaka mke apange mizigo."

Nasambu aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia mumewe, mbele yetu wote.

"Baba Bridget, nisamehe. Nilisoma neno moja, mengine nikayajaza mwenyewe."

Wakhungu alirudisha simu mfukoni polepole.

"Simu uliiamini," alisema. "Mimi uliyenijua miaka yote hii, hukuniamini. Hilo linaniuma, mama. Nipe muda."

Akashuka kwenda kazini. Nyundo ikaanza tena. Nasambu alisimama pale akiisikiliza.

Tangu siku hiyo kredo ya Wakhungu ilikaa. Alimaliza mazungumzo na Mathews, na mbao zikaja. Aliongea na Bridget mpaka wakachoka wote wawili. Bridget naye alijifunza kumpigia baba yake jioni, akiwa nyumbani, si mchana akiwa ufuoni. Darasani mwangu nilifundisha somo jipya: tulisoma jina la mtandao juu ya kioo cha simu. Wanafunzi wakawafundisha watu wa bichi. Mtu akipanda Jiwe la Simu siku hizi, utasikia wanawake wa omena wanapaza sauti: "Soma jina kwanza!"

Lakini nyumba ile bado ilikuwa na baridi kidogo. Wakhungu alikula, alisema asante, akalala.

Ile mashua ikakamilika. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya samawati. Na mwenyewe alikuwa nani? Mvuvi wa Sigulu. Alitaka fundi aivushe mwenyewe na kukaa siku nzima, aone kama inavuja.

Asubuhi hiyo Wakhungu alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa uani kwangu, nafua. Nilisikia.

"Mama Bridget, leo naenda Uganda. Kweli kweli. Nitarudi jioni. Simu haitashika mtandao kule, kwa hivyo hutanipata."

Nilishika nguo ndani ya povu, sikusugua. Siku nzima Uganda, na hapatikani!

"Nenda salama," Nasambu alisema. "Usisahau muhogo wako."

Jioni Wakhungu alirudi, suruali imelowa mpaka magotini. Nasambu alikuwa amepika samaki aina ya mbuta kwa ugali. Nami nilikuwa nimekwenda kuomba chumvi. Chumvi nilikuwa nayo nyumbani, lakini nilitaka kuona. Wakhungu alitoa simu mfukoni akamnyooshea mkewe.

"Angalia."

Najua kulikuwa na nini ndani ya simu ile. Hakukuwa na kitu. Alipokuwa hapa, simu ilisema yuko Uganda. Siku aliyokwenda Uganda kweli, simu ilinyamaza.

Nasambu hakuipokea. Alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili.

"Iweke huko," alisema. "Wewe umeniambia ulikokuwa. Njoo ule, chakula kina moto."

Wakhungu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. Alinawa mikono, akaketi, akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Mimi nilichukua chumvi yangu nikaenda.